Nani Atalipa Nauli? Uandishi wa Habari Tabora na Njia ya Misafara

Henry Morton Stanley alifika Tabora Juni 1871 akiwa mtumishi wa gazeti. Mwenye gazeti hilo, New York Herald, alikuwa James Gordon Bennett mdogo, tajiri aliyemwagiza amtafute Daktari Livingstone popote alipo na gharama zisimsumbue. Ndiyo maana msafara uliotoka Bagamoyo ulikuwa na watu wapatao 190, pamoja na punda, bunduki, majora ya vitambaa, shanga, na waya za kulipia hongo kila palipokuwa na mtemi njiani. Habari moja, nauli ya watu 190. Tangu hapo sidhani kama kuna chumba cha habari kilichowahi kumgharimia mwandishi wa Tabora hata robo ya hiyo.

Mengi yanayosemwa leo kuhusu ujuzi wa mwandishi wa habari yalijitokeza hapa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, katika miezi ile michache ambayo Stanley alikwama, na sehemu kubwa yalijitokeza kwa njia ya makosa yake. La kwanza lilikuwa zito. Njia ya kwenda Ujiji, alikotazamia kumpata Livingstone, ilikuwa imefungwa na Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyekuwa na ugomvi na Waarabu wa Tabora juu ya ushuru na biashara. Stanley alipewa tembe la kukaa Kwihara, karibu na Tabora, akakirimiwa na Waarabu, akala nao, akasikiliza malalamiko yao, na vita vilipotangazwa akachukua bunduki akaenda nao. Vita vikawageukia. Agosti 1871 watu wa Mirambo waliingia Tabora wakachoma sehemu ya mji, na mwandishi wa Herald akawa Kwihara anatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe lake.

Aliyoyaandika kuhusu Mirambo wakati ule yalitoka vinywani mwa mahasimu wa Mirambo: jambazi, mnyang'anyi, mfunga njia. Aprili 1876, katika safari yake ya pili, alikutana naye uso kwa uso. Akakuta mtu mpole wa maneno, mwenye adabu na haiba, wakachanjiana udugu. Maandishi yake ya baadaye yakabadilika kabisa. Mirambo alikuwa yule yule wa 1871. Safari hii mwandishi alikuwa amemwona.

Kila chuo cha uandishi kinafundisha kusikiliza upande wa pili, na kila mwanafunzi huliandika somo hilo kwenye daftari kana kwamba ni suala la adabu. Kwa Tabora ni suala la umbali. Mkoa una eneo la takriban kilomita za mraba 76,000, zaidi ya Rwanda na Burundi zikijumlishwa, na halmashauri nane. Upande wa kwanza huwa mjini: una ofisi, una ofisa habari, una taarifa iliyokwisha kuchapwa na gari la kuwabeba waandishi. Mtu wa upande wa pili yuko Kaliua ndani huko, au Sikonge karibu na msitu, barabara imekatika masika, na simu yake haishiki mtandao hadi apande kichuguu. Mwandishi anayetoa habari ya upande mmoja si lazima awe mvivu wala amehongwa. Mara nyingi hana nauli tu.

Jambo la pili ambalo Stanley anatufundisha ni la watu wasioandikwa. Kiswahili chake mwanzoni kilikuwa haba. Aliyeongoza watu wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuchukuliwa utumwani hadi India, na ambaye tayari alikuwa ameipita njia hii na Burton na Speke miaka ya 1857 hadi 1859. Kwa Kiarabu alimtegemea Selim, kijana wa Jerusalem. Hao ndio waliouliza maswali, wakapima nani anasema kweli, wakajua mtemi yupi anataka heshima gani. Jina lililokwenda ukurasa wa mbele lilikuwa moja. Desturi hiyo haijafa. Wanapokuja watengeneza filamu kutoka Ulaya, au waandishi wa Dar es Salaam waliotumwa kwa siku mbili kuandika juu ya wakimbizi wa zamani wa Ulyankulu, wa kwanza kupigiwa simu ni mwandishi wa hapa. Anatoa namba, anafuatana nao, anatafsiri, anatuliza wazee. Habari ikitoka, jina lake halimo.

Uthibitisho nao una hadithi yake. Salamu maarufu ambayo Stanley alidai alimpa Livingstone pale Ujiji, Novemba 1871, imekaririwa duniani kote. Lakini kurasa za shajara yake za siku hiyo zimechanwa, na katika maelezo ya Livingstone mwenyewe salamu hiyo haimo. Mhariri makini angeuliza: nani mwingine alikuwepo, na yeye alisikia nini? Walikuwepo watu wengi, Waarabu wa Ujiji na wapagazi wote. Hakuna aliyewauliza.

Hata hivyo nampa Stanley sifa moja anayostahili. Alikuta Unyanyembe mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, umelala tu, akaubeba hadi Ujiji ukafika mwaka mzima baada ya kuondoka Unguja. Tena alimpa mzee yule habari za dunia: Mfereji wa Suez umefunguliwa, reli ya Marekani imeunganisha bahari mbili, Ufaransa imepigwa na Wajerumani. Mwandishi anayewaletea watu habari, badala ya kuzichukua tu kwao na kuzipeleka mbali, ni adimu hadi leo. Mkulima wa Uyui anaweza kukueleza ugomvi wa wabunge na wa wasanii wa bongofleva kwa urefu, lakini uamuzi uliopitishwa na halmashauri yake mwenyewe wiki iliyopita hajausikia. Pengo hilo redio za mjini, kama VOT na CG FM, ndizo zenye uwezo wa kuliziba, maana zinasikika kule ambako gazeti halifiki.

Lakini tusidhani kwamba macho ya kuona na kalamu ya kusimulia vililetwa na Wazungu kwenye njia hii. Katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapwa 1901, yumo Selemani bin Mwenye Chande akisimulia safari yake ya bara: hongo zilivyodaiwa, vyakula, mapigano, bei, tabia za watu. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, naye alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Hao walikuwa wafanyabiashara, tena Tippu Tip ana pembe na watumwa mkononi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwapamba. Ila kwa kuorodhesha mambo, nani alidai nini, siku ngapi, kwa bei gani, waliwazidi wageni wengi waliojaa maneno ya mandhari.

Kisha yakaja magazeti. Kiongozi la Tanga lilianza 1904 likichapwa kwenye shule ya serikali ya Kijerumani, na walimu na makarani wa vituo vya bara wakawa wanalipelekea habari. Mambo Leo, la serikali ya Waingereza, lilianza 1923 na likaendeleza mtindo huo wa habari za miji zilizoandikwa na wenyeji: nani amehamishwa, mvua imenyesha kiasi gani, simba kaonekana wapi. Tabora yenyewe ilipata kiwanda cha chapa cha wamisionari, kule Kipalapala, ambako Kiongozi lingine, la Kanisa Katoliki, lilianza 1950. Kwa hiyo kulikuwa na wakati ambapo gazeti la kusomwa nchi nzima lilitoka Tabora. Leo linatoka Dar es Salaam, karibu kila gazeti linatoka Dar es Salaam, na Tabora imebaki kuwa mahali pa kutuma habari kwa WhatsApp kabla ya saa kumi jioni.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ujuzi unaotakiwa na kazi hii unafahamika, na waandishi wengi wa mikoani wanao. Tatizo ni kwamba utaratibu wa malipo unaununua ujuzi mwingine kabisa.

Angalia habari ya tumbaku, ambayo kwa Tabora ni habari ya mwaka mzima. Taarifa ya mjini husema wakulima wameuza kilo milioni kadhaa na wamepata mabilioni kadhaa. Mwandishi anayejua kazi haishii hapo. Anaomba kuona karatasi ya mkulima mmoja. Tuseme ina kilo 800, mteuzi amezipanga kwenye madaraja mbalimbali, na bei ya wastani ni dola 1.60 kwa kilo. Hizo ni dola 1,280. Zikibadilishwa kwa shilingi 2,500, mkulima ameuza kwa 3,200,000. Taarifa ya mjini inaishia hapo hapo. Karatasi inaendelea: mbolea na dawa alizokopeshwa kupitia chama cha msingi, tuseme 1,900,000, ushuru na makato mengine, tuseme 200,000. Anabaki na 1,100,000 kwa kazi ya familia iliyoanzia kwenye kitalu cha miche, ikaenda shambani, ikaingia bani kukausha usiku na mchana, ikaishia kufunga marobota.

Sasa maswali. Dola ilibadilishwa kwa kiwango cha siku ya kuuza au cha siku ya kulipwa, na kati ya siku hizo mbili ilipita miezi mingapi? Robota lililokataliwa lilirudi nyumbani, au lilipata mnunuzi mwingine kwa bei ya kutupa? Mbolea ilinunuliwa shilingi ngapi mfuko, na zabuni alipewa nani? Kila swali lina mlango wake: mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama cha msingi, chama kikuu, Bodi ya Tumbaku, ofisi ya mrajis wa vyama vya ushirika, ripoti za COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Lakini waandishi wengi wa Kiswahili tunaikimbia, tunajaza aya kwa nukuu za viongozi, na msomaji anamaliza habari bila kujua kama mkulima kala au kaliwa.

Karatasi hiyo mkulima hakupi siku ya kwanza. Wewe ni mgeni, una kamera, na aliyekuleta labda ni mtu wa chama. Lugha inasaidia: mzee anayekujibu kwa Kiswahili cha mkutano hadharani, ukimwamkia kwa Kinyamwezi anaanza kueleza mambo mengine. Utani nao unasaidia. Ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani, uliokuzwa na hii hii njia ya misafara, bado unamwezesha Mzaramo kuuliza swali ambalo kwa mtu mwingine lingeonekana matusi. Lakini kinachofungua mlango zaidi ni kurudi. Mwandishi aliyekuja mwaka jana, akaandika, na hakumtaja aliyeomba asitajwe, mwaka huu anapigiwa simu yeye kabla ya polisi.

Linganisha na namna anavyolipwa. Mwandishi wa mkoani kwa kawaida si mwajiriwa. Analipwa kwa habari iliyotoka, na isipotoka amepata hasara ya bando na nauli yake mwenyewe. Ziara ya mkuu wa mkoa: gari lipo, chakula kipo, posho ipo, saa nane mchana habari imekwisha kutumwa, na mhariri anaipenda kwa kuwa ina jina la mkubwa. Habari ya tumbaku: siku tatu, pikipiki ya kukodi, watu watano wa kuhojiwa, wawili wanakataa, na mhariri anaikata hadi aya nne kwa sababu kuna tangazo. Malipo ya habari zote mbili yanalingana.

Bahasha ya fedha ya mwenye shughuli inaingia hapo. Tunaisema kama dhambi ya mtu binafsi, na ni dhambi kweli, Baraza la Habari Tanzania limeikemea katika kanuni zake za maadili. Lakini bahasha pia ndiyo inayojaza mshahara ambao mwajiri hakulipa. Chombo cha habari kisichomlipa mwandishi nauli kinajua nauli hiyo analipa nani. Kinajua, na kinakaa kimya. Nikiulizwa nani kanjanja, yule kijana anayezunguka kwenye semina akisubiri posho au mwenye kituo aliyempa kitambulisho bila mkataba, najua nitaanza na yupi.

Serikali ilichagua kuanza na kijana. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilileta ithibati, na kanuni zake za 2017 zikataka mwandishi awe na elimu isiyopungua stashahada. Bodi ya Ithibati ilichukua miaka kuundwa; 2024 ndipo Tido Mhando, mkongwe wa BBC na TBC, alipoteuliwa kuiongoza. Silaumu elimu. Nchi ilikuwa na shule ya uandishi ya serikali tangu 1975, na kule Nyegezi, Mwanza, kituo cha Kanisa kilichofundisha waandishi wengi wa kanda hii kikakua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino 1998. Waliopita huko wanaonekana kwenye kazi yao. Ila cheti kinaonyesha kwamba mtu amefundishwa kusikiliza upande wa pili, hakimfikishi Kaliua. (Stanley, aliyelelewa kwenye nyumba ya maskini huko Wales, asingepata kitambulisho cha bodi. Pengine Mirambo angenufaika.)

Ujuzi mwingine hauna heshima kubwa vyuoni lakini unaokoa: kujua sheria, na kujua hatari. Tabora ina nafasi yake hapa. Januari 1958 mkutano wa chama cha TANU mjini hapa ulikubali kuingia uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura akichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), uamuzi ambao Nyerere aliupigania kwa nguvu zote. Miezi michache baadaye Nyerere huyo huyo alikuwa kizimbani Dar es Salaam kwa makala ya Sauti ya TANU, jarida la chama, iliyowashutumu wakuu wa wilaya wawili wa kikoloni, wa Musoma na wa Songea. Alitiwa hatiani kwa kashfa ya jinai, faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Nchi ikapata uhuru, lakini kashfa ikaendelea kuwa kosa la jinai hadi marekebisho ya sheria ya 2023. Kwa mwandishi wa wilayani hiyo ni habari ya nyumbani kwake: anayemwandika leo kesho atakutana naye sokoni, na aliyeandikwa anamjua OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kwa jina.

Waliopatwa na makubwa zaidi nchini walikuwa wawakilishi wa mikoani. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi Iringa, aliuawa mikononi mwa polisi Nyololo tarehe 2 Septemba 2012. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeandikia Mwananchi habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, alitoweka Novemba 2017. Mwandishi wa makao makuu akitishwa ana mwanasheria jengo moja naye, ana mhariri wa kumpigia waziri. Wa mkoani ana klabu ya waandishi yenye chumba kimoja, na wenzake.

Ukanda wetu pia una mfano wa kazi ya hatari iliyofanywa kwa mpango. Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhamiri Kanda ya Ziwa na mikoa jirani, Vicky Ntetema wa BBC alikwenda kwa waganga akijifanya mteja, akarekodi bei za viungo vya binadamu. Vitisho vikamlazimisha kujificha. Kujifanya mtu mwingine ni njia ambayo maadili yanairuhusu kwa nadra, pale jambo ni kubwa na hakuna mlango mwingine, na hapo hapakuwa na mlango mwingine. Lakini nyuma yake palikuwa na shirika lililoweza kumtoa mahali na kumficha. Kijana wa redio ya wilaya akijaribu hayo peke yake, simshauri.

Anayeuliza aanzie wapi ningemwelekeza kwenye vitu visivyo na msisimko. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa umma. Akae hadi mwisho, kwenye taarifa za kamati, baada ya wenzake kuondoka na posho. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kujibu ombi la maandishi. Aandike, aweke nakala, ahesabu siku. Na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inazitaja halmashauri kwa majina, Urambo, Igunga, Nzega, kila moja na hoja zake: fedha zisizo na stakabadhi, mradi uliolipwa na haupo. Kutoka kwenye ripoti hadi kwenye kisima kikavu kilichotajwa humo ni safari ya pikipiki moja.

Shida ni kwamba ripoti hiyo hutangazwa Aprili, na masoko ya tumbaku nayo hufunguliwa karibu na miezi hiyo. Redio yenye mwandishi mmoja lazima ichague. Nayo, kwa vile habari zote mbili zinahitaji mafuta, na Aprili pia ni wakati wa Mwenge wa Uhuru na ziara, itapanda gari lililopo.